Picha za chapa za Kusini-Magharibi ya Marekani: kuanzia kununua hadi kutundika ukutani

Wanaonunua picha hizi huuliza maswali yale yale. Hii niliyoiona mtandaoni ni ya zamani kweli au imechapwa mwezi uliopita? Niweke kioo gani? Fundi amesema ataibandika kwenye ubao kwa gundi ili isijikunje, nimkubalie? Hilo la mwisho jibu lake ni hapana, na sababu iko Hatua ya 6. Ukiishia hapo tu, picha yako imepona.

Zinazozungumziwa hapa ni picha za karatasi zilizochapwa, zenye sura ya New Mexico na Arizona: vilima bapa vyekundu, nyumba za udongo, madungusi marefu, koyote (mbwa mwitu mdogo wa Marekani) anayeulilia mwezi, wanawake wa Kinavajo, kabila la asili la huko, waliojifunika mablanketi. Rangi zake ni za tofali, waridi iliyopauka na feruzi. Mtindo huu ulijaa sebuleni mwa Wamarekani miaka ya 1980, ndiyo maana sokoni utakuta mabango mengi ya kipindi hicho. Mizizi yake ni ya zamani zaidi. Kampuni ya reli ya Santa Fe ilitumia picha za wachoraji kuwavuta wasafiri tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na wachoraji wa mji wa Taos, New Mexico, waliunda chama chao mwaka 1915.

Neno «vinteji» lisikutishe. Soko la mtandaoni la Etsy, kwa mfano, linaruhusu litumike kwa kitu chochote cha miaka 20 na zaidi. Bango la mwaka 2003 nalo ni vinteji.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Ile wanayotumia masonara inatosha kabisa.
- Tochi, rula ya chuma na tepu ya kupimia.
- Meza safi yenye karatasi nyeupe juu yake, na mikono iliyooshwa ikakauka. Glavu si lazima. Nene zinakufanya upasue karatasi.
- Brashi laini na pana, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi.
- Maunti, yaani ile kadi nene inayokatwa dirisha katikati na kukaa mbele ya picha. Iwe isiyo na asidi, unene wa takribani milimita 1.5. Utahitaji mbili: ya mbele yenye dirisha na ya nyuma nzima.
- Karatasi ya Kijapani ya nyuzi ndefu na wanga wa ngano, au pembe za karatasi isiyo na asidi.
- Fremu, kioo, ubao wa nyuma, vikuku viwili vya kutundikia na waya.
- Drili, biti, fisha na skrubu, kama ukuta wako ni wa tofali au zege.
- Pima maji.

Selotepu, gundi ya mbao, supagluu na masking tepu viache dukani.

Hatua ya 1. Jua ni chapa ya aina gani

Hapa ndipo pesa inapopotelea, kwa hiyo usiwe na haraka. Weka lenzi juu ya sehemu yenye rangi iliyopauka, kama anga au mchanga, umulike kwa tochi ukiangalia kinachoijenga rangi hiyo.

Ukiona nukta za rangi nne (samawati, waridi kali, njano, nyeusi) zimejipanga kama viua vidogo, hiyo ni ofseti, yaani imechapwa kiwandani kama gazeti au kalenda. Mabango mengi ya maonyesho yako hivi. Mabango ya tamasha la muziki la Santa Fe yenye picha za mchoraji Georgia O'Keeffe, kwa mfano, yanarudia mchoro wa rangi. Mchoro huo haukufanywa ili uchapwe. Si kosa kuyanunua, yanapendeza sana. Kosa ni kuyalipia bei ya litografia, yaani chapa ya mkono inayochorwa kwenye jiwe au bati.

Ukiona nukta ndogo mno zisizo na mpangilio, kama vumbi lililonyunyizwa, hiyo ni mashine ya wino wa kompyuta. Picha za sanaa zilianza kuchapwa hivyo karibu na mwaka 1990. Mtu akikuambia ni ya 1974 na nukta ni hizo, mshukuru, uondoke.

Pasipo nukta kabisa, kuna njia tatu. Litografia ya mkono ina chembechembe zisizolingana, kama chaki ya nta iliyopita juu ya ukuta wenye mkwaruzo. Chapa ya skrini, ambayo rangi husukumwa kupitia wavu, ina rangi bapa na nzito. Inamisha karatasi pembeni mwa mwanga uone tabaka moja limekalia jingine. Chapa ya mbao nayo ina rangi bapa, ila karatasi imebonyea kidogo pale ubao ulipogandamiza, na mara nyingine mishipa ya mbao yenyewe inaonekana. Gustave Baumann, Mjerumani aliyehamia New Mexico mwaka 1918, ndiye anayetafutwa zaidi katika kundi hili. Alichonga na kuchapa mwenyewe, akatia sahihi kwa penseli na muhuri wa kiganja ndani ya moyo.

Sahihi nayo ipitishie lenzi. Ya penseli inang'aa kijivu ukiinamisha karatasi, na imekaa juu ya nyuzi. Sahihi iliyojengwa kwa nukta imechapwa pamoja na picha, haiongezi thamani. Namba kama 45/150 maana yake ni nakala ya 45 kati ya 150. Ofseti pia zinaweza kuandikwa namba, kwa hiyo namba bila lenzi haithibitishi kitu.

Tafuta pia muhuri usio na wino pembeni ya chini. Hauonekani ukiangalia moja kwa moja. Mulika kutoka ubavuni, alama itainuka kama kovu. Karakana ya Tamarind, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1960 na kuhamia Albuquerque 1970, hutia muhuri wa namna hiyo kwenye litografia zake, na mchapaji aliyeifanya kazi huweka na wake kando.

Unanunua mtandaoni? Mwombe muuzaji picha tatu: moja ya karibu kupitia lenzi, moja ya sahihi, moja ya mgongo wa karatasi. Anayekataa kupiga picha ya mgongo ana sababu zake.

Maneno mawili kuhusu mabango ya mbuga za Marekani ya 1938 hadi 1941, yale yenye Grand Canyon, korongo kuu la Arizona, kwa rangi chache bapa. Ya asili ni ya skrini na yamebaki machache sana. Yanayouzwa kila mahali ni marudio. Kama unataka sura tu, Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka skani ya lile la Grand Canyon mtandaoni bure. Faili ya pikseli 3600 kwa 4800 inatoa chapa nzuri ya inchi 12 kwa 16.

Tofautisha vilevile «mtindo wa Kusini-Magharibi» na «kazi ya Mhindi Mwekundu», kama wengi wetu tunavyosema. Sheria ya Marekani ya 1990 inakataza kuuza kitu kwa kudai kimefanywa na mtu wa makabila ya asili wakati si kweli. R.C. Gorman, mchoraji aliyejulikana kwa wanawake wa blanketi, alikuwa Mnavajo; si kila aliyemwiga alikuwa. Muuzaji aandike jina la msanii na kabila lake, la sivyo chukulia ni mtindo tu.

Hatua ya 2. Kagua hali yake

Kama picha iko kwenye fremu, anza na ukingo wa dirisha la maunti, pale ilipokatwa mshazari. Ukiwa mweupe, maunti ni nzuri. Ukiwa umegeuka kahawia kama ganda la ndizi lililoiva sana, kadi hiyo ina asidi na imekuwa ikiichoma karatasi kwa miaka yote hiyo. Mafundi wa miaka ya 1980 walipenda maunti mbili mbili, feruzi juu ya waridi, na nyingi ni za aina hii.

Kisha linganisha rangi iliyofichwa chini ya maunti na iliyopigwa na mwanga. Katika ofseti, njano na waridi hutangulia kufa, samawati hubaki. Kwa mtindo huu hilo ni pigo baya, maana tofali na waridi ndiyo roho yake. Picha ya jangwa iliyogeuka bluubluu imeungua jua, na hakuna dawa ya kurudisha rangi. Omba punguzo au iache.

Mambo mengine ya kuangalia haraka: kingo zilizopunguzwa kwa mkasi, madoa ya kahawia yaliyotawanyika, mawimbi ya unyevu, na ugumu usio wa kawaida. Karatasi isiyojikunja hata kidogo huenda imegundishwa kwenye ubao. Hiyo imeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Hatua ya 3. Isafirishe bila kioo, kisha inyooshe

Kama ndugu yuko Phoenix au Tucson na anakutumia, mwambie aitoe kwenye fremu na kuiviringisha, upande wa picha ukiwa nje, ndani ya bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Bomba jembamba huacha mikunjo. Karatasi laini isiyo na asidi itangulie, plastiki ya kuzuia maji ifuate nje yake.

Ikifika, usiifungue siku hiyo hiyo. Iache bombani saa 24 izoee hewa ya nyumba. Halafu ilaze kati ya karatasi mbili safi za kunyonya unyevu, juu weka ubao bapa na vitabu vizito, siku 3 hadi 7. Usipige pasi. Joto hulainisha wino wa skrini ukagandia karatasi ya juu.

Hatua ya 4. Itoe kwenye fremu ya zamani

Laza fremu kifudifudi juu ya taulo. Kata karatasi ya nyuma kwa wembe, vuta misumari kwa koleo sambamba na ubao, usiikoroge. Nyanyua kila kitu kwa pamoja, kisha tenganisha picha mwishoni. Kama imening'inizwa kwa selotepu ya zamani, usiivute. Kata maunti kuzunguka tepu, uiache tepu mgongoni mwa karatasi. Doa la selotepu mgongoni halionekani. Tundu mbele linaonekana.

Vumbi liondoe kwa brashi, kutoka katikati kwenda nje. Maji hapana, kusugua kwa mkate hapana, kifutio juu ya wino hapana. Lebo ya duka la fremu au ya nyumba ya sanaa iliyoko nyuma ihifadhi kwenye bahasha. Ni sehemu ya historia ya picha.

Hatua ya 5. Piga hesabu ya maunti na fremu

Kwa mfano, karatasi ni sentimita 45 kwa 60, na picha yenyewe katikati ni 38 kwa 50, sahihi ya penseli chini yake.

Acha sentimita 1 juu, kushoto na kulia ya picha, na 2 chini ili sahihi ionekane. Dirisha litakuwa 40 kwa 53. Maunti iwe na upana wa sentimita 7 juu na pembeni, na 8 chini. Ule mmoja wa ziada huzuia picha isionekane kama inateleza. Jumla: 40 + 14 = 54, na 53 + 15 = 68. Mwambie fundi: kioo na maunti 54 kwa 68, na nafasi ya ndani ya fremu izidi kwa milimita 3 kila upande wa kipimo, maana mbao hutanuka na kusinyaa. Mafundi wengi hubana mpaka mwisho. Msimu wa mvua maunti inajipinda.

Usikate karatasi ya picha ili iingie kwenye fremu uliyonayo. Badili fremu.

Kuhusu rangi, nyeupe ya maziwa au rangi ya mchanga ndiyo salama. Feruzi kwenye maunti huipigania picha. Fremu ya mbao asilia inakaa vizuri kuliko ya dhahabu, na kwa wa pwani mninga una faida ya pili: mchwa hawaupendi. Msonobari laini wanaula kama biskuti.

Hatua ya 6. Shikiza picha, usiibandike

Karatasi hupumua. Unyevu ukipanda inatanuka, ukishuka inasinyaa. Ukiibandika yote kwenye ubao, haina pa kwenda: inavimba, inafanya mapovu, au inapasuka. Na gundi ikizeeka doa linapenya hadi mbele. Ndiyo maana picha inashikwa juu tu na kuachwa ining'inie.

Kwa karatasi ngumu isiyozidi sentimita 40 kwa 50, tumia pembe nne za karatasi zilizobandikwa kwenye maunti ya nyuma. Acha nafasi ya milimita 1 kila pembe. Gundi haigusi picha hata kidogo, na ukikosea unaanza upya.

Kubwa zaidi ya hapo, tumia bawaba za karatasi ya Kijapani. Gundi yake unapika mwenyewe:

Changanya vijiko 3 vya wanga wa ngano na vijiko 15 vya maji, loweka nusu saa. Pika moto mdogo dakika 20 bila kuacha kukoroga, ukiongeza maji kidogo ikikauka, mpaka weupe wa maziwa ugeuke ute unaopitisha mwanga. Pooza, chuja mara mbili kwenye chujio la chai, punguza kwa maji mpaka iwe nzito kama mtindi. Inakaa siku 3 kwenye friji. Ikitoa harufu, mwaga. Ni wanga, si unga wa chapati. Unga una gluteni, ile protini ya ngano inayonata, inayogeuka njano na kuwaita wadudu.

Chana vipande vya karatasi ya Kijapani vya sentimita 2.5 kwa 4; ndivyo bawaba. Lowesha mstari kwa brashi kisha uchane, usikate kwa mkasi; nyuzi zilizochanika hazichori mstari upande wa mbele. Paka gundi milimita 5 tu za mwisho, bandika mgongoni mwa ukingo wa juu wa picha, kipande kimoja kila upande. Karatasi ikizidi upana wa sentimita 60 ongeza cha tatu katikati. Weka karatasi ya kunyonya na uzito juu kwa saa moja. Kisha laza picha mahali pake kwenye maunti ya nyuma, na kila kipande kinachochomoza kifunike kwa kingine kilicholala, iwe kama herufi T.

Hatua ya 7. Funga fremu

Mpangilio kutoka mbele ni kioo, maunti yenye dirisha, picha, maunti ya nyuma, ubao wa nyuma. Picha isiguse kioo kamwe. Ubao wa nyuma usiwe hadibodi wala kadibodi ya katoni. Vyote vinatoa asidi.

Kioo cha kawaida cha milimita 2 kinafaa kama ukuta hauoni jua. Kioo chenye kichujio cha miali ya urujuanimno ni bora, kingine huzuia hadi asilimia 99, lakini mwanga wa kawaida nao unafifisha, ila polepole. Plastiki ya akriliki ni nyepesi na haivunjiki njiani. Isafishe kwa kitambaa laini chenye maji, si kwa dawa ya vioo yenye amonia.

Ziba kingo zote kwa utepe wa karatasi ili vumbi na wadudu wasiingie. Sukuma misumari midogo kwa koleo kila sentimita 8 hadi 10. Ukigonga kwa nyundo, kioo kitakujibu. Mwisho bandika vipande vya mpira au koki kwenye pembe mbili za chini nyuma, unene wa milimita 4, hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja hatua hii ndogo ina maana kuliko kioo cha bei.

Hatua ya 8. Tundika

Katikati ya picha iwe sentimita 148 kutoka sakafuni. Fremu ya urefu wa 72, waya ukivutwa unabaki 6 chini ya ukingo wa juu: 148 + 36 − 6 = 178. Hapo ndipo skrubu inapokaa. Juu ya kochi acha sentimita 15 hadi 20 kutoka mgongo wa kochi. Tumia skrubu mbili, si moja, fremu haitapinda kila mlango ukibamizwa.

Kioo cha 54 kwa 68 cha milimita 2 peke yake ni karibu kilo 1.8, kwa hiyo msumari wa zege mmoja ni kujidanganya. Ukuta wa tofali: biti ya milimita 6, fisha ya 6, skrubu ya 4 kwa 40. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa: toboa bila kuwasha nyundo ya drili, tumia fisha ndefu ya 8, maana plasta inabomoka. Nyumba za Marekani zenye ukuta wa jipsamu: tafuta nguzo za mbao zilizo nyuma, kwa kawaida kila inchi 16.

Epuka ukuta unaopigwa na jua, ukuta wa bafu, juu ya jiko, na mkabala na kiyoyozi. Na koyote mmoja kwa nyumba anatosha.

Mambo yakienda mrama

*Picha ina mawimbi baada ya wiki chache.* Kama ni madogo na yanatulia kiangazi, iache, karatasi inapumua. Kama yamekazana pembeni, kuna mahali imebanwa: fungua, angalia pembe au bawaba za ziada zilizowekwa chini.

*Ukungu ndani ya kioo.* Ukuta ni baridi au una maji. Ishushe leo, ifungue, ikaukie kivulini, na usiirudishe ukuta ule.

*Koga au harufu ya uvundo.* Itenge na nyingine, iweke penye hewa kavu siku kadhaa. Koga ikishakauka, isukume nje kwa brashi laini ukiwa uwanjani, barakoa usoni. Maunti na ubao wa zamani vitupe, usivitumie tena.

*Picha imegandia kioo.* Usivute. Acha kioo na picha pamoja, laza kioo chini, upeleke kwa mtaalamu wa kuhifadhi karatasi. Makumbusho na nyaraka za taifa ni mahali pa kuanza kuuliza.

*Vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinakimbia chini ya maunti.* Vinakula wanga na karatasi. Fungua, fagia kwa brashi, badili maunti, ziba kingo upya. Dawa ya kupuliza usiielekeze kwenye picha; pulizia ukuta, subiri ukauke kabisa, ndipo utundike.

*Mstari wa kahawia kuzunguka picha.* Ni alama ya maunti ya zamani yenye asidi. Hautoki kwa njia za nyumbani. Kata dirisha jipya dogo kwa milimita chache uufunike, mradi sahihi isizibwe.